Sampuli ya Dorca Amolo

Dorca Amolo aliwajua wafu wa Kisumu kuliko kasisi yeyote, na aliwajua kwa vidole. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga chapa programu zao za mazishi, katika chumba kimoja nyuma ya stendi ya mabasi. Chumba chenyewe aligawana na fundi cherehani aitwaye Nasipwondi, mama wa Kibukusu mwenye mwili mkubwa na ulimi usio na breki. Upande mmoja zilishonwa sare za shule, upande wa pili zikaandikwa habari za marehemu.

Kazi ya taipureta alijifunza akiwa msichana, akaifanya miaka kumi na sita katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, akiandika barua za mabwana wasiojua hata jina lake la pili. Kiwanda kilipofungwa alipewa kiinua mgongo na kuambiwa asante. Akanunua kompyuta ya mitumba na printa nyeusi iliyounguruma kama posho mili ya kusaga mahindi. Mume wake, Joram, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1992. Mtoto hawakubahatika.

Miaka ile watu walikufa sana, na kila aliyekufa aliandikiwa sentensi moja: alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hata kama alilala kitandani miaka miwili akabaki mifupa, ni muda mfupi tu. Dorca aliipiga sentensi hiyo mara nyingi hadi akaifundisha kompyuta iandike yenyewe kwa kubonyeza kidude kimoja. Anabonyeza tu, mtu ameshaugua na kutuacha.

Shida ilikuwa picha. Printa yake ilimtoa kila marehemu akiwa amepakwa masizi. Wembamba na wanene, vijana na wazee, wote walitoka kama ndugu wa tumbo moja. Siku moja mjane kutoka Otonglo aliitazama karatasi akairudisha mezani polepole.

"Mama, huyu si mume wangu," alisema. "Huyu ni moshi."

Wenye uwezo wakaanza kupeleka kazi zao Nairobi, zikarudi na rangi: shati la buluu, meno meupe, majani mabichi nyuma ya kichwa. Programu ya namna hiyo ikionekana kwenye matanga moja, matanga ya jirani hayataki tena moshi. Wateja wa Dorca wakapungua ilhali maiti hazikupungua, na hilo ndilo lililomuuma.

Mwezi wa tano mwaka 1999 akaja Wabwire. Alikuwa mtu wa Busia, tai fupi, viatu vilivyong'aa kuliko uso, naye aliuza mashine za ofisi katika duka moja la ghorofani. Alimchukua Dorca akamwonyesha printa ya leza ya rangi, kubwa kama jiko la hoteli. Akamfungulia tumbo la mashine. Ndani mlikuwa na vikopo vinne vya wino, na wino wenyewe si maji, ni unga: mweusi, wa buluu, wa waridi na wa manjano. Akaeleza kwamba mwanga ndio unaochora uso, unga unashika pale mwanga ulipopita, kisha karatasi inapitishwa kwenye moto na unga unaganda. Ajabu ni kwamba karatasi ilitoka na joto, kama chapati.

"Na hii ni ya bei nafuu, Mama," Wabwire alisema. "Zile kubwa ni za benki. Hii wameitengeneza wakifikiria mtu kama wewe."

Bei nafuu yenyewe ilikuwa sawa na mabati, mbao, milango, misumari na fundi wa nyumba ya vyumba viwili. Dorca alijua hivyo kwa sababu orodha ya nyumba ilikuwa ndani ya Biblia yake, na pesa za nyumba ndizo pekee alizokuwa nazo benki. Zilitosha kitu kimoja. Wabwire akamwambia mashine imebaki hiyo tu, na kuna mwalimu wa Kakamega ameipigia simu mara mbili. Akampa hadi Jumatatu, tarehe ya mwisho ya mwezi.

Sasa, mtu wa mbali atauliza, mwanamke anayeishi Kisumu anataka nyumba kijijini Seme ya nini. Lakini Dorca alikuwa ameolewa huko, karibu na Kombewa, na nyumba ya udongo aliyoachiwa na Joram iliyeyuka na mvua. Kwa desturi ya kwao, mke wa boma akifa hana nyumba bomani, maiti yake haina mlango wa kutokea kwenda kaburini. Basi watu humjengea kibanda cha haraka, cha siku moja, ili desturi isikasirike, na akishazikwa kinabomolewa. Dorca alikuwa amewaandikia wanawake wa namna hiyo. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kile kibanda.

Na nyumba ya mjane haijengwi hivihivi. Mti wa kwanza lazima usimamishwe na mwanamume wa boma la mumewe. Mwanamume huyo alikuwa Absalom, mdogo wake Joram, na kwa miaka saba Absalom alikuwa na sababu. Mwaka mmoja ardhi ilikuwa na maji. Mwingine ng'ombe waliumwa. Mwingine mgongo wake ulikataa kuinama. Dorca alikwenda, akarudi, akaenda tena, na kila mara aliahidiwa baada ya mavuno.

Nasipwondi hakuelewa haya mambo, au aliyaelewa akayakataa. Alimwambia shoga yake kwamba kufa kufaana, na kwamba Mungu amemleta Wabwire kwa mguu. Dorca akasema ataamua akishaona kama watu wa Kisumu wanaitaka rangi kweli, maana sifa za muuzaji ni za muuzaji. Wabwire akakubali kumchapia sampuli bure, karatasi sita, alete picha na maneno.

Picha ya nani sasa? Ya marehemu wa watu hawezi, wenyewe watakuja na marungu. Akamwomba Nasipwondi atoe yake. Nasipwondi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Ati mimi?" alisema. "Kwetu ukimweka mzima kwenye karatasi ya maiti umemfungulia njia. Jiweke wewe, si ndiwe una haraka?"

Dorca alicheka, na akajiweka. Alikuwa na picha moja nzuri, ya Krismasi, amevaa gauni la manjano aliloshonewa na Nasipwondi huyuhuyu. Jina alifikiria kuweka la uongo, akaona uchuro: huwezi jua, pengine mwenye jina hilo yuko hai pale Maseno anakunywa uji. Akaandika Dorca Amolo. Baada ya hapo vidole vilijiendesha, kama vilivyozoea. Alizaliwa 1957. Alisoma. Alifanya kazi. Mke mpendwa wa marehemu Joram. Akabonyeza kile kidude, akawa ameugua kwa muda mfupi. Mwili utaondoka Kisumu Ijumaa saa nane mchana, mazishi Jumamosi nyumbani kwa mumewe, Seme. Kila programu ina mistari hiyo; bila hiyo isingefanana na programu.

Jumanne karatasi zikatoka, na jamani, zilipendeza. Lile gauni liliwaka. Hata kovu dogo la shavuni lilionekana. Dorca akabandika moja dirishani kwa selotepu, na juu yake kadi yenye neno SAMPULI. Zile tano akaziweka kwenye boksi mlangoni, kwa sababu mtu wa Kisumu haamini kwa macho tu, lazima ashike.

Watu walisimama. Watu walishika. Bibi mmoja aliyepita na kapu la omena, dagaa wa ziwani, alisema kama ndivyo watu wanavyotoka, hata yeye sasa yuko tayari kufa. Wengi waliuliza bei kisha wakapumua kwa nguvu. Jumatano Nasipwondi alimwambia kuna mzee alisimama dirishani muda mrefu, kofia mkononi, akachukua karatasi moja na kuondoka akitikisa kichwa. Dorca akafurahi. Akasema huyo amekubali rangi.

Hakuna aliyeona kwamba jua limelegeza selotepu, na kadi ya SAMPULI imelala chini ya dirisha, kifudifudi, pamoja na nzi waliokauka.

Alhamisi Dorca akamuuliza Wabwire swali alilopaswa kuuliza mwanzo: vile vikopo vinne vikiisha, vipya ni bei gani. Wabwire akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo kwenye mashine. Alipobanwa akataja, na ilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Ndiyo maana ilikuwa nafuu. Ni kama kuuziwa ng'ombe kwa bei ya kuku, halafu nyasi zake zinatoka Ulaya. Dorca akamwambia ampigie mwalimu wa Kakamega.

Nasipwondi alipopata habari hakumsemesha hadi chai ya saa kumi. Kisha akamwambia anaacha duka la kumlisha anakwenda kujenga nyumba ya kufia.

"Wewe una vijana wanne," Dorca alimjibu. "Watakubeba. Mimi mtoto wangu ni mlango."

Basi Ijumaa akafunga safari ya Kombewa. Alibeba kilo mbili za sukari, majani ya chai na mkate, maana huendi kwa mashemeji mikono mitupu, na ndani ya mkoba alitia kitabu cha benki. Safari hii Absalom angeonyeshwa pesa kwa macho, ardhi iwe na maji au isiwe.

Alishukia barabarani, akashika njia ya miguu. Ilikuwa yapata saa nane. Alipokaribia boma akasikia nyundo, na akaona juu ya ua wa minyaa ncha ya mti mpya, umesimama. Moyo wake ukaruka. Absalom ameanza! Bila hata kuombwa. Dorca alisimama nyuma ya ua, mkate kifuani, akitaka tu kusikiliza ile nyundo kidogo kabla hajaonekana. Kwa miaka saba alikuwa ameingoja.

"Weka mabua tu hapo, udongo wa nini," ilisema sauti ya Benta, mke wa Absalom. "Nani atakaa? Kesho jioni mnabomoa."

"Mti wa kwanza nimesimamisha," Absalom alisema. "Hakuna atakayesema sikumjengea shemeji."

"Miaka saba analia nyumba. Leo ameipata kwa asubuhi moja."

Wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, kama watu wanavyocheka wakiwa kazini. Dorca alichungulia kati ya minyaa. Aliona fremu ya kibanda, ndogo kama ya mbuzi, imewekwa bondeni karibu na choo. Aliona wanaume wawili kwenye shimo, limewafika magotini. Aliona Mzee Ochieng, mkubwa wa ukoo, ameketi kwenye kiti cha kukunja, kofia gotini na moja ya zile sampuli mkononi, anaifuta kwa mkono wa shati. Hakukuwa na jicho lenye maji bomani pale, isipokuwa la Benta, kwa sababu ya moshi wa jikoni.

"Amependeza kuliko alivyokuwa," Mzee Ochieng alisema.

"Lile gauni ni langu," Benta alisema. "Wasimzike nalo."

Absalom akamwambia gauni ni kitu kidogo. Jumatatu atakwenda Kisumu kuchukua kompyuta na kitabu cha benki, maana mtu anayechapiwa kifo chake kwa rangi hakosi kitu. Kuhusu kwenda kuuliza alikufa vipi, na mwili uko wapi, alisema watu wa mjini wameandika wenyewe kwamba wanautoa Kisumu leo saa nane. Kazi ya boma ni nyumba na shimo. Nani angemchapa mtu aliye hai kwa rangi zote hizo?

Ndipo Dorca akaingia.

Mwiko ulianguka kutoka mkononi mwa Benta. Wale wa shimoni walitoka kwa pupa. Mzee Ochieng alitazama karatasi, akamtazama Dorca, akarudi kwenye karatasi, kama askari wa mpakani anayekagua picha ya kipande, yaani kitambulisho.

"Ni mimi," Dorca alisema. "Sijafa. Hiyo ilikuwa ya kuonyesha wateja."

Akaeleza yote, mashine, sampuli, boksi la mlangoni. Alieleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Alipomaliza, aliyekasirika alikuwa Absalom. Alisema hakuna mtu aliyemuua Dorca. Amejiandika marehemu kwa mkono wake mwenyewe, akataja boma, akataja siku, akawatoa watu shambani.

Mzee Ochieng akatema mate pembeni, akatoa hukumu. Ardhi imefunguliwa kwa jina la mtu. Shimo lililofunguliwa kwa jina halifukiwi tupu, litaita mwingine wa boma hili. Lazima lile kitu.

Wote walijua maana yake. Mtu akizama ziwani mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu zito la mti wa yago, lenye urefu wa mkono. Mmoja wa wachimbaji akatumwa, akarudi nalo begani. Wakalifunga kwa shuka kuukuu. Wakalipitisha kwenye mlango wa kile kibanda, kwa kuwa mlango upo, wakalishusha. Na kwa kuwa programu pia ipo, Absalom akaisoma.

Dorca alisimama akasikiliza. Alizaliwa 1957. Alisoma. Alifanya kazi. Pale penye mke mpendwa, Absalom aliruka mstari. Alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Dorca alikumbuka kwamba kwenye mstari huo aliacha nafasi mbili kati ya maneno, na akaona aibu, kana kwamba hilo ndilo kosa. Udongo ukarudishwa. Benta alipiga nduru mara moja, fupi, ya kutimiza.

Ilipokwisha Dorca akafungua mkoba, akatoa kitabu cha benki, akamfuata Absalom.

"Pesa hizi hapa," alisema. "Nyumba ya kweli, shemeji. Ya mabati. Nisimamishie mti."

Absalom alikitazama kitabu kwa hamu, halafu akamtazama Mzee Ochieng, na hamu ikazimika. Alijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Nyumba gani tena? Umejengewa, umezikwa. Mtu hajengewi mara mbili."

Dorca akamgeukia mzee. Mzee aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kama chai iko tayari. Ilikuwa tayari. Benta alikuwa amekwisha kuchukua ule mzigo, na waliozika walikunywa kwa sukari ya Dorca, wakala mkate wa Dorca. Yeye hakupewa kikombe. Alingoja kidogo aone kama wamesahau. Hawakuwa wamesahau.

Alipotoka alipitia kile kibanda. Walikuwa wameshaanza kukibomoa. Mabua yanaliwa na ng'ombe.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni mwa benki kabla haijafunguliwa. Saa tano alikuwa ghorofani kwa Wabwire, na mashine ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye boksi, jina la mwalimu wa Kakamega limeandikwa juu. Dorca hakubishana bei wala hakuuliza vikopo. Wabwire alitazama macho yake, akalikata lile jina kwa kalamu.

Ikaletwa na mkokoteni. Nasipwondi alimsaidia kuiinua mezani. Wabwire alipomaliza kuunganisha nyaya aliiona ile karatasi dirishani, akasema aitoe, Mama, italeta mkosi.

"Iache," Dorca alisema. "Huyo ameshazikwa."

Mashine ilifanya kazi. Vikopo vilikula pesa, lakini watu walikufa haraka kuliko vikopo. Karatasi aliyoiweka mfukoni Mzee Ochieng ilizunguka matanga yote ya Seme, na sasa Kombewa hakuna aliyetaka moshi. Mwezi wa nane mzee mwenyewe akafariki, na Absalom akaja Kisumu na picha kwenye bahasha.

Dorca akamkaribisha kiti kama mteja yeyote. Akauliza jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, siku ya kuzikwa, idadi ya nakala. Absalom alijibu akitazama viatu vyake. Alipotajiwa bei akainua uso, akajaribu kutabasamu.

"Shemeji, si utapunguza kidogo? Mimi ni mtu wa nyumbani."

"Nyumbani kwangu ni wapi?" Dorca aliuliza.

Nasipwondi alisimamisha cherehani. Absalom akahesabu noti, akaziweka mezani. Dorca akabonyeza kidude chake na Mzee Ochieng akaugua kwa muda mfupi. Mashine ikanguruma, karatasi ya kwanza ikatoka na joto, Dorca akaikagua kwenye mwanga.

Kisha akamtazama Absalom, kwa utulivu, paji la uso, mashavu, kidevu, kama anavyotazama picha kabla ya kazi. Ngozi yake haikuwa ngumu kuchapa. Ingehitaji unga mweusi mwingi, waridi kidogo kwenye midomo, na manjano karibu hakuna.

"Ukipata nafasi," alimwambia, "piga picha nzuri. Ya studio. Usingoje watumie ya kipande."